Mkaa wa Mifupa

Jumapili, 11 Mei 2025

Wiki ya saba tangu dada Veronica atutoke. Kanisani wamemtaja tena, yeye na kichanga chake. Mama alilia. Mimi nilihesabu vioo vya dirisha la upande wa mlima. Ishirini na nne. Kimoja kimepasuka.

Tangu Machi sijalia. Watu wameona. Wanasema msomi ana moyo mgumu. Sijui kama ni mgumu. Nikiugusa sipati kitu.

Lucia, mtoto wa dada, sasa analala na mimi. Ana miaka saba. Leo amejitazama meno kwenye simu yangu, mistari ya kahawia juu na chini. Darasani wanamwita Kutu. Na magoti yake yanazidi kuachana. Akisimama miguu pamoja, ngumi yangu inapita katikati. Mwaka jana vilipita vidole viwili tu.

Ni maji ya kisima chetu. Floraidi. Nilisomea hayo miaka mitatu Dodoma, nikaandika ripoti nzima: mkaa wenye vitundu, wa kuchujia maji, kutokana na taka za shambani. Nilipata A. Ripoti iko chini ya godoro. Sisi tunaendelea kunywa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwomba Mama taka. Akacheka — mara ya kwanza tangu msiba.

Taka gani, Oliva? Magunzi ni kuni zake. Maganda ya maharage ni ya ng'ombe. Mabua yanaziba banda la mbuzi. Majivu yanakwenda chooni na kwenye mboga. Nimezunguka boma lote na gunia mkononi, nikarudi nalo tupu.

Ripoti yangu ina neno taka mara sitini na moja. Nimehesabu.

Mwishowe kanipa magunzi yaliyonyeshewa. Kasema nikimaliza kuchezea nimrudishie yaliyobaki.

Jumanne, 27 Mei

Magunzi yameshindwa. Niandike tu.

Nilitumia pipa. Magunzi ndani, mfuniko nimeuziba kwa udongo na samadi, tundu moja la moshi. Kazi yote ni kuyanyima hewa. Ukiruhusu hewa unapata majivu. Kisha nikaponda, nikaloweka kwenye maji ya majivu, nikachoma tena. Moto wa pili ndio unaofungua vitundu. Kijiko kimoja cha mkaa huo, ungeweza kutandaza kuta zake zote za ndani, ungefunika karibu nusu eka. Nilimwambia Lucia. Akauliza nani atailima.

Nikapitisha chai ya rangi. Ikatoka nyeupe! Lucia alipiga makofi. Mama alionja akasema nimeharibu chai.

Lakini floraidi ni kitu kingine. Kenneth, niliyesoma naye, yuko maabara ya maji. Nilimtumia chupa mbili. Amenipigia leo. Kabla ya kuchuja sita nukta nane, baada ya kuchuja sita nukta sita. Kiwango cha nchi ni moja na nusu. Akasema: "Oliva, si unajua kabisa kwamba kwa floraidi unatumia mifupa? Umeandika mwenyewe."

Najua. Ukurasa wa arobaini. Sikutaka kushika mifupa mwaka huu.

Jumamosi, 31 Mei

Basi mifupa.

Lakini siwezi kwenda kuitafuta. Mama hataki tuingie kwenye boma za watu wala tusogelee nyama ya watu mpaka miezi yetu ya msiba iishe. Mwanamke akifa kwa uzazi, nyumba nzima inajitenga. Mambo ya zamani, anasema mwenyewe, ila majirani wanaangalia. Zahanati tunaruhusiwa, kisima tunaruhusiwa, kanisani tunakaa benchi la nyuma.

Kwa hiyo nimempa kazi Gidion. Ni mtoto wa mjomba, anaishi Endasak, ana bodaboda, na msiba wetu haumfungi.

"Mifupa ya nini, dada? Umeanza uganga?"

"Ya kuchuja maji."

"Mimi nilijua mfupa unachuja supu."

Nikamwambia aende mnadani, kwa wachinjaji. Akauliza mfupa gani ni mzuri. Nikasema mfupa ni mfupa, ni madini tu, lete ilivyo. Akaondoka anaimba.

Jumanne, 17 Juni

Gidion ameleta magunia tisa. Nimepanga mifupa kwa unene: mizito chini ya pipa, myembamba juu. Siku mbili nimeshika mifupa na sikuhisi chochote. Niliogopa bure.

Moto wa kwanza: kahawia ndani. Ukivunja mfupa ukauona kahawia, mafuta yamebaki, maji yatanuka. Moto wa pili: mweupe kama chaki. Umeungua kupita kiasi, vitundu vimefungana. Moto wa tatu, leo: mweusi mpaka katikati. Nikiugonga unalia kama kigae.

Harufu ni mbaya sana. Jirani, Mama Agripina, amepita njia ya juu na kanga puani, hakusalimia. Mama anasema sasa hata wasio na habari na msiba wetu watatukimbia.

Jumamosi, 5 Julai

Kichujio kimesimama! Pipa la plastiki la bluu, kokoto chini, mkaa wa mifupa kilo arobaini na tano, mchanga juu, bomba pembeni. Tumekiweka zahanati. Muuguzi wa pale, Sista Mwanahawa, alikubali bila kikao. Maji ya kuingiza yanatoka kisimani, ndoo kwa ndoo.

Sista ni mtu wa Tanga, mwaka wa nne yuko hapa na bado anavaa soksi mbili kwa baridi. Ndiye aliyekuwa na Veronica. Alipanda naye gari la kwenda hospitali, alimshika mkono njia nzima. Huwa hatuzungumzi hayo.

Akina mama wa kliniki walikuwa kama ishirini. Walilitazama pipa. Hakuna aliyesogea. Mmoja akanong'ona kwa Kiiraqw kwamba ni maji ya mifupa ya nyumba yenye msiba. Nilisikia. Sista hajui Kiiraqw lakini alielewa. Akaja karibu nami, akasema kwa sauti ndogo:

"Mdogo wangu, usinione nauliza. Ni mifupa ya nini?"

"Ng'ombe na mbuzi, Sista. Ya mnadani."

"Wanaochinja pale nawajua. Basi."

Akakinga kikombe, akasema Bismillahi, akanywa chote mbele yao. Akafuta mdomo. "Haya! Nani mwingine, au maji yote yangu?"

Wakapanga foleni.

Jumatatu, 28 Julai

Majibu ya Kenneth. Moja nukta moja.

Kutoka sita nukta nane mpaka moja nukta moja. Nimeisoma mara tatu. Nilitakiwa kufurahi. Nikaenda kufua.

Mama alipoambiwa alisema Veronica alikuwa anaumwa mgongo tangu msichana, je, ilikuwa maji? Nikasema sijui. Nikasuuza sare ya Lucia mara mbili.

Jioni mtendaji wa kijiji ameniita. Wataalamu wa maji kutoka mkoani wanakuja Ijumaa tarehe kumi na tano Agosti. Wakikuta kichujio kinafanya kazi na watu wanakitumia, watajenga kikubwa shuleni kwa Lucia. Watoto mia tano. Wasiporidhika, mradi unahamia kata nyingine. Kasema: "Binti, siku hiyo pipa lisikauke hata tone."

Jumatano, 6 Agosti

Taya.

Nilikuwa nakung'uta magunia yaliyobaki. Moja lilikuwa na vipande ambavyo havikutosha kwenye pipa la kuchomea. Likatoka taya moja, fupi, nene. Lina jino limepinda linatazama juu.

Ng'ombe hana jino la hivyo. Mbuzi hana.

Gidion alikuja mchana kuleta sukari ya Mama. Nikamwonyesha.

"La nguruwe hilo. Si unaona jino?"

"Umelitoa wapi?"

"Kwa Margwe, pale stendi, kwenye kitimoto. Mnadani mbwa walikuwa wengi kuliko mifupa, dada. Nikajazia."

"Magunia mangapi?"

"Magunia mawili tu."

Mawili kati ya tisa. Yote nimeyachanganya, nimeyachoma, nimeyaponda. Nilipanga kwa unene! Nilishika kila mfupa kwa mikono yangu na sikuona mnyama hata mmoja.

"Wewe si ulisema mfupa ni mfupa?" akasema. Anacheka.

"Sista Mwanahawa anakunywa."

Akaacha kucheka. Akashika kofia yake. "Uwii." Akakaa kwenye kinu. Baadaye kasema nisimwambie. Amekunywa mwezi mzima hajui, na asiyejua hana kosa. Nikimwambia, hapo ndipo namlisha.

Nililitupa taya chooni. Nikaosha mikono. Nikapika.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukweli wa kemia: mfupa ukichomwa bila hewa zaidi ya nyuzi mia tano, nyama hakuna, mafuta hakuna, damu hakuna. Inabaki chokaa ya fosfeti na kaboni kidogo. Hata Kenneth na mashine zake hawezi kutenganisha nguruwe na ng'ombe.

Nimesoma mstari huo mara nyingi. Ni kweli wote. Sista hakuniuliza hilo. Aliuliza ni mifupa ya nini.

Nikimwambia leo, anafunga bomba. Akifunga yeye, wote wanafunga, kwa sababu walikunywa kwa sababu yake. Mkaa mpya, mifupa ya mnadani peke yake, ni wiki sita. Wageni wanakuja baada ya siku nane.

Nitabadilisha mkaa wageni wakishaondoka. Wote. Kimya kimya. Hatajua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Lucia yuko nyumbani. Ngumi yangu bado inapita.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nilipita zahanati kujaza pipa. Sista aliniona dirishani.

"Weye! Unapita kama mwizi? Ingia unywe chai."

Niliingia. Chai ya mdalasini na iliki. Anasema tangu kichujio kije chai yake imeacha kuwa na ladha ya kisima, inaiva kama ya kwao. Birika zima. Anawapelekea na watoto wa jirani.

Nilikunywa. Yeye alikunywa. Nilitazama koo lake likimeza.

Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusema habari za gari. Kwamba Veronica hakupiga kelele. Kwamba aliuliza saa, akaambiwa saa kumi, akasema Lucia anatoka shule, nani atampokea? Sista akamwambia Oliva. Akasema, ah, basi.

"Nilitaka ujue," Sista akasema. "Nilingoja ukae vizuri kwanza."

Nikasema asante. Nikatazama soksi zake, za njano juu ya nyeusi. Nikajua kwamba hapa ndipo mtu analia. Machozi hayakuja.

Kikombe cha pili nilikataa. Akasema nimekonda, naogopa hata chai.

Jumanne, 12 Agosti

Mtendaji amepaka chokaa mawe ya njia ya zahanati. Pipa nimelifuta. Gidion amepita, hakushuka kwenye pikipiki. "Vipi?" "Bado." "Vizuri." Akaenda.

Jumatano, 13 Agosti

Sista amenipigia simu saa sita, anacheka.

Kuna mwalimu wa hisabati, kijana wa Kondoa, mke wake ana mimba ya miezi saba. Alikuja kuuliza kama maji hayo ni salama kwao wao Waislamu. Mitaani amesikia ni ya mifupa, na hapa kwetu kila nyumba ya tatu ina nguruwe.

"Nikamwambia kaka, mimi nimeuliza kabla yako. Akawa bado ananitazama tu. Nikamwapia! Wallahi, ng'ombe na mbuzi. Ndipo akachota. Ndoo mbili, moja ya mkewe. Kesho kutwa akija mgeni yeyote na swali lake, nitamwapia na yeye. Wewe lala."

Nikasema sawa, Sista.

Nilikata simu nikakaa jikoni. Mama akauliza nani amekufa. Hakuna, Mama.

Ameapa. Mimi nilimpa neno likiwa kweli, kwa jinsi nilivyojua. Wiki nzima sasa nimeliacha kwake likiwa si kweli, naye akaliapia kwa Mungu wake, akampa mtu mwingine.

Mkaa mpya utabadilisha maji. Kiapo hautabadilisha.

Wageni keshokutwa. Watoto mia tano. Lucia ni mmoja.

Nilikwenda kumtazama amelala mchana, ana mafua. Magoti yamekaa mbalimbali hata usingizini.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa tatu na nusu asubuhi. Benchi la zahanati. Naandika juu ya goti, mwandiko utakuwa mbaya.

Nimemwambia.

Nilifika saa moja na nusu. Alikuwa anamimina maji ya kichujio kwenye birika.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mama. Mbona mapema? Wageni ni kesho."

Nilisema nikiwa nimesimama, ili nisipewe kiti. Nilisema: kwenye lile pipa kuna mifupa ya nguruwe. Magunia mawili kati ya tisa. Aliyeileta hakujua nani atakunywa, na mimi sikumwambia. Uliponiuliza nilikuwa sijui.

Akaweka birika chini taratibu. Akageuka upande, akatema mate. Hakuwa na kitu mdomoni.

Nikaanza habari za nyuzi mia tano. Akainua mkono.

"Yule kijana," akasema. "Mke wake." Kisha: "Nimeapa, Oliva."

"Najua."

"Uliponiuzia maneno haya ulikuwa hujui. Sawa. Hilo naliweka pembeni, kukosea ni ubinadamu." Aliongea polepole, kama anapima dawa. "Umejua lini?"

Nilifungua mdomo.

Ikaingia bodaboda. Katikati yupo msichana, mimba mbele, nyuma yake mama mkwe amemkumbatia asianguke. Wametoka juu kabisa, mlimani. Chupa imepasuka njiani. Sista alikwishatoka nje kabla pikipiki haijazimwa. Akamshika msichana kwapani. Mlangoni akageuka:

"Kaa hapo. Hujanijibu."

Nimekaa.

Dakika kumi, akaniitia maji dirishani.

"Yapi, Sista?"

Msichana analia ndani, anaita mama yake. Halafu Sista, bila kunitazama:

"Ya kunywa mgonjwa, hayo yako. Ya mikono yangu, kachote kisimani."

Nilikimbia kisimani. Nilirudi na ndoo, nikammiminia. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Akasukutua mara tatu, akatema kwenye majani. Hakusema asante, ambayo huwa anasema hata kwa mbwa akimpisha. Akaingia, akafunga pazia.

Nimehesabu mawe ya chokaa mara mbili, hesabu inanipotea. Naandika hivyo kwa sababu nimeshangaa.

Mtendaji amepita na bendera ndogo za kesho, ameniuliza zifungwe wapi. Nikamwambia amngoje Sista. Akasema Sista ana nini? Nikasema anazalisha.

Sasa wamefika akina mama wa maji. Wanne, na ndoo zao. Wa kwanza ana ndoo ya njano, ni yule yule aliyenong'ona siku ile.

"Dada, leo hatuchoti?"

"Subirini kidogo."

"Tusubiri nini? Bomba si hilo?"

Nikasogea kuwapisha. Wamekaa. Benchi limejaa, nimebanwa ukutani, naandika na kiwiko kimoja.

Ndani Sista anasema sukuma, mwanangu, sukuma, niko hapa, nimekushika. Sauti ile ile, nadhani. Ya kwenye gari.

Atatoka. Atauliza. Ningeweza kusema jana. Nilijua jana usiku, Sista, nikakimbilia kwako asubuhi. Angeniamini. Gidion angesema hivyo hivyo nikimwomba. Pipa lingebaki, labda. Angeacha kunywa yeye, angewaachia wengine. Kesho wangelikuta na maji.

Lakini Jumapili nilikunywa naye chai.

Nimejaribu kulitamka jibu la kweli, nione kama linatoka. Polepole, midomo tu. Siku nane. Mara ya pili sauti imetoka. Siku nane.

Mama wa ndoo ya njano amenigeukia.

"Siku nane za nini, dada?"